Taya likikatwa: utando wa mfupa ubaki au uondoke, na pengo lijazwe na nini

Daktari akishasema "itabidi tukate kipande cha taya", maswali ya familia huwa yaleyale: atakula vipi, sura itakuwaje, ni shilingi ngapi. Yote ni ya haki. Lakini lipo swali ambalo jibu lake linageuza majibu ya hayo mengine yote, na ni nadra kulisikia likiulizwa: ule utando unaofunika mfupa utabaki mwilini, au utaondoka pamoja na kipande kinachokatwa?

Anayetaka kuujua utando huo aende buchani akanunue ubavu wa mbuzi. Auchane kwa ncha ya kisu hadi kwenye mfupa, kisha aingize kisu kwa ubapa na kuinua taratibu. Itatoka ngozi nyembamba nyeupe, ngumu kukatika, iliyong'ang'ania zaidi pale nyama zilipojishikiza. Mfupa unaobaki chini yake unang'aa, na ukiutazama kwa makini utaona vitundu vidogo sana vilivyokuwa vikipitisha mishipa ya damu. Hiyo ndiyo periostiamu, utando wa mfupa. Binadamu anao karibu kwenye kila mfupa, na kwenye taya una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Una tabaka mbili. La nje ni la nyuzi ngumu, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Ukijigonga muundi ukaona nyota, aliyelia ni huyu. La ndani, lililolalia mfupa wenyewe, lina seli ambazo zikishtuliwa na jeraha huanza kugawanyika na kugeuka wajenzi wa mfupa. Kwa mtoto tabaka hili ni nene na lina shughuli mchana na usiku, kwa sababu bado linanenepesha mifupa. Kwa mtu mzima limekonda, na kwa mzee ni seli chache zilizotawanyika, tena utando wenyewe huchanika ovyo ukiinuliwa. Umri kwa hiyo unaingia katika kila ulinganisho ulio hapa chini, hata nisipoutaja.

Wataalamu waligombana juu ya utando huu kwa muda mrefu. Mfaransa Duhamel du Monceau, miaka ya 1740, alizungushia mifupa ya wanyama waya za fedha chini ya utando, na baadaye akazikuta zimemezwa na mfupa mpya. Ollier wa Lyon akaandika kitabu kizima mwaka 1867 kuonyesha kwamba utando ukihamishwa huotesha mfupa mahali pengine. William Macewen wa Glasgow akapinga mwaka 1912: kwake utando ulikuwa ukuta tu wa kuuzuia mfupa usitambae, na mfupa hujengwa na mfupa. Leo tunajua kila mmoja alishika upande wake. Utando unajenga, na pia ni ukuta. Kwa mwenye uvimbe wa taya, tabia hizi mbili zinavutana, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Kukwangua, kukata ndani ya utando, au kukata na utando wake

Nitatumia ameloblastoma kama mfano, kwa kuwa ndiyo inayoongoza kati ya uvimbe wenye asili ya meno katika ripoti za Muhimbili, na hata Nigeria hali ni hiyo. Huanzia kwenye chembechembe zilizobaki baada ya kutengeneza meno, mara nyingi nyuma ya taya la chini. Haiumi mwanzoni. Mgonjwa huona shavu limejaa, meno yamelegea, na akifika hospitali ya rufaa miaka imeshapita. Si saratani ya kusambaa mwilini, isipokuwa mara chache sana, lakini inaumaliza mfupa.

Kukwangua, yaani kuuchokoa uvimbe na kuliacha taya, ndiko kunakopendwa na kila mgonjwa kabla hajaelezwa mengine. Taya linabaki zima, utando unabaki, midomo haifi ganzi, na siku za wodini ni chache. Tatizo ni kwamba ameloblastoma ya kawaida, ile yenye vyumba vingi kwenye eksirei, hupenyeza vidole ndani ya mfupa sponji kupita pale jicho na picha vinapoishia. Katika ripoti nyingi, zaidi ya nusu ya waliokwanguliwa uvimbe wa aina hii uliwarudia. Unaporudi huwa mkubwa zaidi, na pengine umeshatoboa ganda la mfupa, kwa hiyo utando uliookolewa mwanzo unakwenda na maji safari ya pili. Kwa aina hii, sioni sababu ya kukwangua.

Aina ya chumba kimoja ni habari nyingine, hasa kwa mtoto. Hapo mpasuaji anaweza kutoboa tundu na kuweka mrija ili uvimbe unywee, kisha aung'oe ukiwa mdogo, na taya lijijaze lenyewe. Tofauti ya aina hizi mbili haisomeki kwenye picha peke yake. Ni lazima kinyama kikatwe kipelekwe maabara, na majibu yawe mkononi kabla ya siku ya upasuaji.

Kukata ndani ya utando maana yake ni hii: mpasuaji anachana mara moja hadi kwenye mfupa, anauinua utando pamoja na nyama zilizojishikiza juu yake, halafu anakata mfupa sentimita moja hadi mbili nje ya mpaka wa uvimbe unaoonekana kwenye picha. Kipande kikitoka, kinabaki kifuko tupu, kama soksi iliyovuliwa mguu. Kifuko hicho kikishonwa vizuri, kikalowanishwa kwa maji ya chumvi wakati wote wa kazi na kisiunguzwe ovyo kwa umeme wa kuzuia damu, kina uwezo wa kuanza kujenga.

Kukata na utando wake ni kwa pale uvimbe uliposhatoboa ganda la mfupa. Ukuta wa Macewen umeshaguswa. Kuubakiza hapo ni kuhifadhi mbegu, na mbegu hiyo ikiota, itaota ndani ya mfupa mpya uliougharimia. Kwa saratani ya kinywa iliyoingia mfupani hakuna hata mjadala: utando unaondoka.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi ni kwamba si lazima iwe yote au hakuna. Uvimbe ukiwa umetoboa upande wa shavuni tu, utando wa upande wa ulimi unaweza kubaki, na wa ukingo wa chini pia. Nusu kifuko ni bora kuliko pengo tupu. Ndiyo maana picha ya CT ina thamani kuliko eksirei ya kawaida katika maamuzi haya: eksirei inaonyesha taya kwa ubapa, CT inaonyesha ganda limetoboka wapi. Kama fedha zinatosha kwa kipimo kimoja tu cha ziada, ningezipeleka hapo.

Pengo: kusubiri, mfupa wa nyonga, au fibula

Hapa ndipo penye gharama na penye majuto.

Kusubiri maana yake si kumwacha mgonjwa na taya linaloning'inia. Mpasuaji anaunganisha ncha mbili za taya kwa pleti ya titani na skrubu, anafunga kifuko cha utando, halafu anaupa mwili nafasi. Mwaka 1977 Adekeye, aliyekuwa akifanya kazi Kaduna, Nigeria, alichapisha habari ya mgonjwa aliyeondolewa sehemu kubwa ya taya la chini na mfupa ukaota upya kwa kasi iliyowashangaza. Tangu hapo ripoti za namna hiyo zimeendelea kutoka Afrika, Asia na kwingine. Ukizisoma utaona sifa zilezile zinajirudia: mgonjwa ni mtoto au kijana, utando uliachwa, ncha za mfupa zilitulia, hakukuwa na usaha.

Kutulia ni sharti kubwa. Seli za utando zikipata utulivu na damu hujenga mfupa moja kwa moja. Ncha zikichezacheza, seli zilezile hutengeneza gegedu au kovu, na mwisho wake taya linabaki likicheza katikati, kama kiungo pasipotakiwa kiungo. Kwa hiyo anayesema "tumebakiza utando, hahitaji pleti" anakosea, sawa na anayesema "tumeweka pleti, utando si kitu". Pleti peke yake juu ya pengo tupu huchoka. Kila mtafuno unaikunja kidogo, na baada ya muda skrubu hulegea au pleti inakatika, au inatokeza kwenye ngozi.

Uzuri wa kusubiri: hakuna jeraha la pili mwilini, gharama ni ndogo, na kama mfupa usipoota hujapoteza njia nyingine. Ubaya: mfupa unaoota mara nyingi ni mwembamba na mfupi kwa kimo kuliko wa zamani. Unatosha kushika umbo la uso na kutafuna, ila huenda usitoshe kushika meno ya bandia ya kupandikiza. Na mama wa mgonjwa hufika tu kwenye swali hili:

"Dokta, na meno je? Yataota?"

"Hapana mama. Mfupa tunautarajia, meno hapo hayaoti tena. Hayo tutayazungumza akishapona."

Ni heri jibu hilo litolewe kabla ya upasuaji, si baada.

Kuna jingine la kusema wazi. Wanaochapisha ripoti ni wale ambao mfupa uliota. Ambaye hakuota hakuandikiwa makala. Alirudishwa chumba cha upasuaji akapandikizwa. Kwa hiyo usiusome wingi wa habari njema kama uhakika. Mimi ningeweka mpaka: kwa mtoto, dalili za mfupa kwenye eksirei zitarajiwe katika miezi ya mwanzo, kama miezi sita imepita na pengo bado jeusi, upangwe upandikizaji badala ya kuendelea kuomba.

Mfupa wa nyonga ndio njia ya kati. Mpasuaji anachukua kipande kutoka ukingo wa nyonga na kukifunga kwenye pengo. Kipande hicho kinafika bila mshipa wa damu. Seli zake nyingi hufa, na kinachokiokoa ni makazi kinapowekwa: mishipa na seli kutoka kwenye kifuko cha utando na nyama za jirani huingia, zikiula mfupa wa zamani na kuujenga upya polepole. Kwa maneno mengine, mfupa wa nyonga ni mgeni anayemtegemea mwenyeji. Mwenyeji akiwa na utando mzima, mambo huenda. Akiwa kovu tupu, au amechomwa na mionzi, mfupa huyeyuka.

Urefu nao una usemi. Kwa pengo la hadi sentimita sita hivi matokeo ni mazuri. Zaidi ya hapo, kushindwa kunaongezeka kadiri urefu unavyoongezeka. Adui mwingine ni mate. Kama ngozi ya ndani ya kinywa imechanika wakati wa kuondoa uvimbe, bakteria wa kinywani wataufikia mfupa uliopandikizwa. Ndiyo sababu wapasuaji wengi huweka pleti kwanza, wanasubiri kinywa kizibe kabisa, kisha wanarudi baada ya miezi kadhaa na kupandikiza kupitia shingoni bila kufungua kinywa. Mgonjwa huona kama anazungushwa. Kwa kweli analindwa.

Nyonga yenyewe inauma, wakati mwingine kuliko taya, na mgonjwa atachechemea wiki kadhaa. Sehemu ya mfupa uliopandikizwa itapungua katika mwaka wa kwanza hata mambo yakienda sawa. Lakini unatoa mfupa mnene, unaoweza kubeba meno ya kupandikiza, na haudai mashine za ajabu. Timu ya Muhimbili pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2006 ripoti ya awali kuhusu kuyajenga upya mataya ya waliokatwa kwa uvimbe wa aina hii nchini Tanzania. Si jambo la kusafiri India kulitafuta.

Fibula ni daraja jingine kabisa. Ni ule mfupa mwembamba wa nje ya muundi. Hauchukuliwi peke yake bali pamoja na ateri yake, vena zake na utando wake, kisha mishipa hiyo inaunganishwa kwa darubini na mishipa ya shingoni. David Hidalgo wa New York ndiye aliyeonyesha mwaka 1989 kwamba unaweza kujenga taya kwa namna hii. Fibula ni mfupa ulionyooka, na taya limepinda. Ili kuupinda, mpasuaji anaukata vipande viwili, vitatu, na kuvipanga kwa pembe. Vipande hivyo havifi kwa sababu kila kimoja bado kimeshikwa na utando, na damu inapita humo. Mpasuaji akiuchuna utando kwa bahati mbaya, kile kipande kinageuka kuwa kama cha nyonga: mgeni asiye na chakula.

Kwa hiyo fibula haiulizi hali ya makazi. Utando wa taya umeondolewa wote, pengo ni sentimita kumi na mbili, mgonjwa amepigwa mionzi: fibula inakuja na vyake. Unaweza kupata hadi sentimita ishirini na tano za mfupa kwa mtu mzima, mradi kiasi cha sentimita sita kibaki karibu na kifundo cha mguu na karibu na goti. Gharama yake ni upasuaji wa saa nyingi, timu mbili, darubini, na siku kadhaa za uangalizi wa karibu ambapo mshipa ukiziba, mgonjwa anarudishwa mezani usiku huohuo. Hospitali zenye uwezo huo Afrika Mashariki ni chache, na foleni zake ni ndefu.

Utando huu pia una kiburi chake. Ukibaki mwingi kando ya mishipa inayopita shingoni, unaweza kuotesha mfupa pale usipotakiwa. Baada ya miezi mgonjwa anahisi kitu kigumu chini ya taya, au kinywa kinashindwa kufunguka vizuri, na familia inaingiwa na hofu kwamba uvimbe umerudi. Mara nyingine ni mfupa tu. Picha itasema, na kinyama kitathibitisha panapokuwa na shaka.

Ningechaguaje? Mtu mzima, pengo la pembeni lisilozidi sentimita sita, utando upo: nyonga, na nisingeona haya. Mtoto mwenye utando mzima na kichwa cha taya (ile ncha inayocheza mbele ya sikio) kilichobaki: pleti na kusubiri, kwa muda wenye mwisho. Pengo kubwa, utando umeondoka, au mionzi: fibula, hata kama ni kusubiri rufaa. Na kidevu, yaani sehemu ya mbele, hakiachwi kamwe bila kushikiliwa, kwa kuwa misuli ya ulimi imejifunga hapo. Ikikosa pa kushika, ulimi unaangukia nyuma na pumzi inazibwa.

Kupona si kukua

Kwa mtoto kuna hesabu ya pili. Taya linaweza kupona vizuri likakataa kukua.

Taya la chini hukua kwa njia mbili. Kichwa chake, kile unachokisikia kikicheza mbele ya sikio ukifungua kinywa, kinarefuka. Na utando unaujenga ukingo wa nyuma huku mfupa wa ukingo wa mbele ukiliwa, hivyo taya linahama kwenda nyuma na kuacha nafasi ya magego. Mtoto wa miaka saba aliyekatwa taya lakini kichwa kikabaki ana matumaini mazuri ya uso ulionyooka. Aliyepoteza kichwa, kidevu chake kitaanza kuelekea upande uliokatwa kadiri upande mzima unavyokua, na atahitaji upasuaji mwingine ujanani. Fibula kwa mtoto ina deni pia mguuni: kifundo kinaweza kuinama kwenda nje kadiri anavyokua, na wengine hufungwa skrubu ya kukizuia. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kutokimbilia fibula kwa mtoto ambaye utando wake ungeweza kumfanyia kazi bure.

Taya la juu lina kisa chake, na mfano ulio wazi ni kaakaa lililopasuka. Tangu Langenbeck alipoeleza njia yake mwaka 1861, wapasuaji huziba kaakaa kwa kuinua ngozi ya kinywa pamoja na utando wa mfupa kama tabaka moja na kuvuta pande mbili zikutane katikati. Zikishavutwa, kando ya meno hubaki mfupa mtupu. Mfupa huo hujifunika kwa kovu, kovu linajishikiza mfupani kwa nyuzi, na linavuta. Meno yanaingia ndani, taya la juu linabaki nyuma, na ujanani uso wa kati unaonekana umebonyea.

Tunajuaje kwamba ni upasuaji, si ulemavu wenyewe? Watafiti Mars na Houston waliwapima nchini Sri Lanka watu wenye mpasuko huo waliokua bila kufanyiwa upasuaji wowote, wakachapisha mwaka 1990: mataya yao ya juu yalikuwa yamekua vizuri. Nijmegen nako walijaribu kwa mbwa aina ya beagle. Pale ambapo utando uliachwa juu ya mfupa na ngozi peke yake ikainuliwa, kovu lilijishikiza kidogo na meno hayakuvutwa sana.

Basi kwa nini kila mtu asiache utando? Kwa sababu ateri kubwa ya kaakaa inapita karibu na mfupa, ndani ya tabaka hilohilo. Kuinua ngozi bila utando ni kupita na kisu jirani na mshipa unaoilisha. Perko wa Zurich aliitumia njia hiyo, lakini ni ngumu, inatoa damu, na ngozi iliyokosa damu inakufa na kuacha tundu. Wengine wakachagua kuchelewesha kuziba kaakaa gumu ili taya likue kwanza. Hapo gharama inalipwa kwa matamshi.

Utafiti wa TOPS, uliochapishwa mwaka 2023, uligawa watoto 558 wenye kaakaa lililopasuka pekee katika upasuaji wa miezi 6 na wa miezi 12. Walipofika miaka mitano, waliokuwa na udhaifu wa kuziba hewa ya puani wakati wa kusema walikuwa asilimia 8.9 kwa waliowahi na asilimia 15 kwa waliongoja. Kwangu hilo linatosha kusema usingoje kwa ajili ya taya. Taya lililobaki nyuma linaweza kusogezwa mbele akiwa kijana, kwa kulikata au kwa kulivuta milimita moja kwa siku. Matamshi yaliyokwisha kukaa vibaya ni magumu kuyang'oa. Cha kumwomba mpasuaji ni kwamba mfupa unaoachwa mtupu uwe mdogo iwezekanavyo. Na kwa kuwa shirika la hisani la Smile Train linalipia upasuaji huu katika hospitali nyingi za kanda yetu, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaoufanya, bei isiwe sababu ya kutomleta mtoto wa miaka minne ambaye bado hajaletwa.

Mzee asiye na meno

Kwa ufupi, kwa sababu uchaguzi wake ni finyu. Taya la kijana hulishwa zaidi na ateri inayopita ndani yake. Meno yakishang'oka na miaka ikapita, ateri hiyo hufifia, na taya jembamba la mzee linabaki likilishwa kutoka nje, kupitia utando. Likivunjika, tuseme kwa kuanguka bafuni, kuuchuna utando wote ili kuweka pleti ni kulinyima chakula siku ile linapokihitaji. Bado huhitaji utulivu, kwa hiyo wapasuaji wengi hufungua, ila huinua utando pale tu skrubu zinapoingia. Akisema daktari wa mzee wako kwamba atafungua kidogo tu, si uvivu.

Ukiwa kliniki

Uliza kama ganda la mfupa limetoboka, na upande upi. Uliza kama utando utabaki, wote au nusu. Uliza pengo litakuwa sentimita ngapi na kama kichwa cha taya kinabaki. Daktari anayejibu haya manne bila kukasirika ameshapanga upasuaji wako kichwani. Uliza pia nani atakuona baadaye, maana ameloblastoma huweza kurudi hata baada ya miaka kumi, ingawa nyingi zinazorudi hujitokeza ndani ya mitano ya mwanzo. Eksirei inayopigwa wiki za mwanzo baada ya upasuaji omba nakala yake na uitunze nyumbani. Bila hiyo, daktari wa mwaka wa tatu akiona weupe kwenye pengo hatakuwa na cha kulinganisha, na hataweza kusema kama mfupa umeongezeka au umeanza kuliwa tena.